Kutabiri au Kukadiria? Uhakiki wa Istilahi za Vipimo vya Mwendo na Afya

1. MADHUMUNI

Makala haya yanakusudia kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi ambazo zimeingia katika maandishi ya Kiswahili pamoja na elimu mpya ya kupima mwendo wa mwili. Elimu yenyewe si ngumu kuielezea. Mtu huvaa kifaa kidogo mkononi au kiunoni. Ndani ya kifaa mna kipimamchapuko, yaani kipimo kinachosajili jinsi mwendo wa kiungo unavyoongezeka na kupungua, mara nyingi katika kila sekunde. Vipimo hivyo hukusanywa kwa siku kadhaa na kugeuzwa kuwa idadi ya hatua au dakika za shughuli. Kisha mwanatakwimu huvilinganisha na habari za maradhi na vifo vya watu wale wale katika miaka inayofuata. Mwisho wa yote hutolewa usemi kuhusu afya: kwamba watu wa mwendo wa namna fulani huugua au hufariki kwa wingi zaidi kuliko wengine.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la matabibu na wanahisabati, na kwamba mtu wa lugha asubiri hadi aitwe kutafsiri. Hatukubaliani na rai hiyo. Mgonjwa hapewi hesabu, hupewa neno. Akiambiwa na kifaa chake, au na tabibu, au na gazeti, kwamba afya yake “imetabiriwa”, neno hilo ndilo atakalorudi nalo nyumbani. Likiwa zito kuliko hesabu iliyolizaa, mtu huyo amedanganywa ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Tunaeleza msimamo wetu mapema ili msomaji aupime tuendavyo. Istilahi nyingi zinazotumika sasa katika uwanja huu zinadai uhakika ambao wanatakwimu wenyewe hawakuudai. Dosari haiko katika uhaba wa maneno, kwa maana Kiswahili kina maneno ya kutosha. Dosari ni kwamba maneno yamechukuliwa kwa haraka, moja moja, bila kutazama yanavyokaa pamoja.

2. JINA LINAPOGEUKA KANUNI

Kabla ya kuyashika maneno yetu, yafaa tutazame mfano wa kigeni unaoonyesha nguvu ya jina. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuvaliwa kiunoni cha kuhesabu hatua. Kiliitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Tarakimu hiyo haikutokana na utafiti wowote uliofuatilia maisha na vifo vya watu. Ilikuwa sehemu ya jina la bidhaa. Hata hivyo, kwa kuwa ilikaa ndani ya jina, ilisafiri pamoja na kifaa, ikavuka bahari, na leo watu wa mataifa mengi, na wa Afrika Mashariki miongoni mwao, huamini kwamba mtu asiyetimiza hatua 10,000 kwa siku amepungukiwa na afya.

Utafiti wa kupima dai hilo ulikuja baada ya zaidi ya nusu karne. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake 16,741, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliovaa kipimamchapuko kiunoni kwa siku saba na kisha kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 4.3. Waliona kwamba wanawake waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa kasi ndogo kuliko waliotembea kama 2,700. Tofauti iliendelea kukua hadi kufikia hatua kama 7,500, na kupita hapo haikuongezeka tena kwa namna inayoonekana wazi. Hatua elfu kumi hazikuwa mpaka wa kitu chochote.

Fundisho kwa waundaji wa istilahi ni dhahiri. Jina linaweza kubeba dai, na dai lililobebwa na jina haliulizwi ushahidi. Msemaji hulitamka kama vile anavyotamka jina la mti. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhakiki wa istilahi ni kuuliza: neno hili linadai nini kimyakimya?

Hata jina la kifaa chenyewe lina somo. Baadhi ya waandishi hukiita “kipimahatua”. Lakini kifaa hiki hakipimi hatua. Hakijui kama hatua ni ndefu au fupi. Huhesabu mitikisiko inayofanana na hatua. “Kihesabuhatua” ni sahihi zaidi, na urefu wake si mzigo kwa ulimi wa Mswahili. Ama kuhusu “saa janja”, hilo ni neno la mtaani lenye uchangamfu wake, nasi hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo. Katika ripoti ya tabibu, hata hivyo, ujanja si sifa ya kipimo. Tuseme “kifaa cha kuvaliwa”, na msomaji atajua kwamba anasoma habari za chombo wala si za mwerevu.

3. KUTABIRI

Sasa tuje kwenye neno lililotupa kichwa cha makala. Katika maandishi tunayoyaona, kitendo cha kutumia vipimo vya leo ili kusema jambo kuhusu afya ya kesho huitwa “kutabiri” karibu kila mahali. Baadhi huandika “kubashiri”. Mengine yaliyokuwa karibu, kama kukisia, kutazamia na kukadiria, yameachwa pembeni.

Neno huhukumiwa kwa matumizi yake kuliko kwa nasaba yake. Katika matumizi ya Kiswahili, mtabiri ni mtu anayeona yaliyofichika kwa wengine. Wasomaji wa magazeti ya Tanzania wanaukumbuka utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri aliyefariki mwaka 2011. Mtabiri hasemi “watu sita katika mia”. Husema litakalokuwa. Likitimia, husifiwa, lisipotimia, hutafutiwa udhuru. Ubashiri nao, mbali na kuwa wa kheri kwa asili, umehamia katika kandanda na kamari, mahali ambapo mtu hutaja matokeo na kuweka fedha yake.

Hapana shaka tutajibiwa kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, na umma umezoea kuuelewa kuwa ni makisio tu. Jibu hili lina uzito, na lazima tulipime kwa haki. Ni kweli kwamba utabiri wa hali ya hewa umelisafisha neno kwa kiasi fulani. Lakini ulisafishwa na jambo moja: kesho yake kila mtu hutoka nje na kuona kama mvua imenyesha. Mkulima wa Mbeya na mvuvi wa Pangani wanaupima utabiri huo siku mia tatu kwa mwaka, na kwa kuupima wamejifunza kiasi cha kuuamini. Afya ya mtu mmoja haipimiki hivyo. Mtu aliyeambiwa kwamba moyo wake una hatari, asipougua, hatajua kamwe kama hesabu ilikosea au kama yeye alikuwa mmoja wa wengi walioepuka. Hana kesho yake ya kutoka nje na kutazama.

Iko tofauti ya pili iliyo kubwa zaidi. Wingu la mvua hufunika wilaya nzima. Hesabu ya afya hutokana na kundi la watu, nayo ni kweli kuhusu kundi hilo. Kuhusu mtu mmoja ndani ya kundi, ni uwezekano tu. Neno “kutabiri” hufuta mpaka huo. Mwandishi huandika: “Kifaa hiki hutabiri kama utapata kiharusi.” Sentensi iliyo sahihi ingekuwa ndefu kidogo: “Kifaa hiki hukadiria uwezekano wa kupata kiharusi miongoni mwa watu wenye mwendo kama wako.” Urefu huo ndio bei ya ukweli, nayo si ghali.

Kwa sababu hizo tunapendekeza “kukadiria” na “makadirio”. Tunajua kwamba neno hili nalo lina undugu na kadari, nayo ni jambo lililokwisha kuandikwa. Lakini hivi leo mwashi hukadiria mifuko ya saruji, mama hukadiria chumvi, na bwana shamba hukadiria mavuno. Wote wanajua kwamba kadirio huweza kuzidi au kupungua, na wote hulirekebisha mambo yanapobainika. Ndiyo hasa tabia ya modeli ya takwimu.

4. SABABU, DALILI NA KIHATARISHI

Istilahi ya pili inayohitaji kuhojiwa ni “kihatarishi”, pamoja na wingi wake “vihatarishi”, ambayo imeenea katika maandishi ya afya ya Tanzania. Umbo lake ni zuri na matamshi yake ni mepesi. Ila lina kiambishi cha kusababisha. Kihatarishi ni kitu kinachohatarisha, ni mtenda. Je, kila jambo lililoonekana kuandamana na ugonjwa limethibitishwa kuwa mtenda?

Tuchukue kisa ambacho ndicho chimbuko la elimu hii yote. Jeremy Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64, na mwaka 1953 walichapisha waliyoyaona. Katika mabasi ya ghorofa mbili, dereva alikaa kitini kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Watu hao walitoka katika tabaka moja na walifanya kazi katika basi moja, lakini mwendo wao ulikuwa tofauti. Ilikuwa hoja yenye nguvu kwamba mwendo hulinda moyo.

Lakini mwaka 1956 Morris na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, wa sare za wafanyakazi hao. Ilionekana kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta, hata walipolinganishwa kwa urefu na umri. Hapo likazuka swali ambalo mwanasayansi mwaminifu hawezi kulikwepa: je, kiti cha dereva ndicho kilichowanenepesha, au wanene ndio waliopendelea kiti? Ikiwa ni hili la pili, basi sehemu ya tofauti ya maradhi ilikuwapo kabla ya basi kuondoka kituoni.

Swali hilo ndilo linalovikabili vifaa vya kuvaliwa leo. Mtu mwenye ugonjwa uliojificha huchoka mapema na kutembea kidogo. Akifariki baada ya mwaka mmoja, takwimu zitaonyesha kwamba wanaotembea kidogo hufa. Hapo uchache wa hatua ulikuwa kivuli cha ugonjwa, wala haukuwa chanzo chake. Watafiti wanalijua hili, ndiyo maana mara nyingi hurudia hesabu baada ya kuwaweka kando waliofariki mwanzoni mwa ufuatiliaji. Lakini Kiswahili cha magazeti yetu hakina habari na tahadhari hiyo. Huandika “kutembea kidogo husababisha kifo”, au “hatua 7,500 huongeza umri”.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, wala hawakusema kila wingu huleta mvua. Hekima hiyo itupe istilahi. Kwa jambo ambalo linaonekana tu kuandamana na ugonjwa, tutumie “kiashiria”, neno ambalo tayari limezoeleka katika mipango na ripoti. (Tungependa “dalili”, lakini tabibu amekwisha kulichukua kwa kile anachokihisi mgonjwa.) “Kihatarishi” kihifadhiwe kwa jambo ambalo ushahidi umeonyesha kuwa lenyewe hudhuru, kama moshi wa tumbaku. Na kitenzi cha kueleza uhusiano usiothibitishwa kuwa wa sababu kiwe “kuandamana na”. Tukiandika “uchache wa hatua huandamana na vifo vingi zaidi”, hatujadanganya mtu yeyote.

Hali kadhalika “matokeo ya afya”, usemi unaotumika kwa kifo, ugonjwa au kupona kunakofuatiliwa na mtafiti. Tokeo ni la kitu fulani. Ukisema matokeo, umekwisha kudai sababu. Mtafiti anafuatilia tukio. Basi tuseme “tukio”, na tuache hoja ya sababu ithibitishwe mahali pake.

5. HATARI

Neno “hatari” lina kazi nyingi mno. Simba ni hatari, nyaya za umeme ni hatari, na asilimia mbili ya uwezekano wa kuugua nayo huitwa hatari. Mambo huzidi kuharibika tunapofika kwenye hesabu ya kisasa. Mwaka 1972 David Cox wa Uingereza alichapisha njia ya kulinganisha makundi kwa kutazama kasi ambayo tukio linawapata wale ambao bado halijawapata. Njia hiyo hutumika katika tafiti nyingi za vifaa vya kuvaliwa. Kiwango kinachopimwa humo ni kasi. Kukiita “hatari” ni kumfanya msomaji asikie kengele pale ambapo mwandishi alitaka aone mwendo wa saa. Tunapendekeza “kasi ya tukio”.

Tuonyeshe tofauti kwa hesabu za ule utafiti wa mwaka 2019. Wanawake waligawanywa katika makundi manne yanayokaribia kulingana, yaani kama watu 4,185 kila kundi. Katika kundi lililotembea kidogo kabisa walifariki 275. Katika kundi la pili walifariki 103. Kwa hesabu ya juu juu, vifo vya kundi la pili vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 60. Lakini makundi hayo hayakufanana kwa umri, wala kwa uvutaji wa sigara, wala kwa maradhi waliyokuwa nayo. Baada ya kusawazisha tofauti za namna hiyo, upungufu ulibaki asilimia 41. Hiyo ndiyo tarakimu iliyotangazwa, na ilistahili kutangazwa.

Sasa tuiandike habari hiyo hiyo kwa namna nyingine. Katika kundi la wasiotembea sana, walifariki wanawake kama 66 katika kila 1,000 katika kipindi cha miaka minne na kidogo. Katika kundi la pili walifariki kama 25 katika kila 1,000. Maana yake ni kwamba hata katika kundi lililotajwa kuwa baya, zaidi ya wanawake 930 katika kila 1,000 walikuwa hai mwishoni mwa ufuatiliaji, wengi wao wakiwa na umri wa miaka sabini na zaidi. Mtu anayesoma “hatari ilipungua kwa asilimia 41” na mtu anayesoma “66 katika 1,000” wamesoma utafiti mmoja, lakini hawakulala na wasiwasi ulio sawa.

Hatusemi kwamba namna moja ni kweli na nyingine ni uongo. Tunasema kwamba neno “hatari”, likiachwa peke yake, humruhusu mwandishi kuchagua namna ya kutisha bila kuonekana kwamba amechagua. Basi iwe kanuni ya uandishi: hatari isitajwe bila kutaja mambo matatu, yaani kati ya watu wangapi, katika muda gani, na ikilinganishwa na akina nani. Sentensi inayokosa moja ya hayo irudishwe kwa mwandishi.

6. MAZOEZI NA “TABIA BWETE”

Sehemu hii inawahusu wakulima na wachuuzi wetu kuliko nyingine zote. Kile ambacho vifaa hupima ni mwendo wowote wa mwili: kulima, kufagia, kupanda mlima, kukimbilia basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaowataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila wiki unazihesabu shughuli hizo zote, za kazini, za nyumbani na za njiani. Lakini Kiswahili kimezoea kuzitafsiri kwa neno moja, “mazoezi”. Zoezi ni jambo analotenga mtu muda wa kulifanya, awe mwanafunzi, askari au mchezaji. Mama wa kijijini aliyechota maji mara nne na kulima robo eka, akiulizwa kama hufanya mazoezi, atajibu kwamba hafanyi. Jibu lake likiingizwa katika hesabu, ataandikwa miongoni mwa wasiojishughulisha. Neno moja litakuwa limeharibu data kabla mwanatakwimu hajaifungua.

Tuna ushahidi ulio karibu nasi. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania miongoni mwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi katika nchi ya Ziwa Eyasi. Washiriki walivaa vipimo vya mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba walipata wastani wa kama dakika 135 za shughuli ya wastani au nzito kila siku, nayo ni karibu sawa na kile ambacho mwongozo wa dunia unakitaka kwa wiki nzima, na ishara za maradhi ya moyo zilikuwa chache miongoni mwao. Hakuna Mhadzabe aliyekuwa akifanya mazoezi. Walikuwa wakitafuta chakula.

Tunapendekeza “kushughulisha mwili” kwa maana pana na “mazoezi” kwa maana yake finyu. Kuhusu kinyume chake, usemi “tabia bwete” umeenea sana, nasi tunaona unafaa kuondolewa katika maandishi ya kitaalamu. Kubweteka kuna lawama ya uvivu ndani yake. Dereva wa London hakubweteka, aliajiriwa akae. Mshona nguo na karani wa benki nao kadhalika. Sayansi inapima muda wa kukaa, wala haipimi tabia. “Ukaaji wa muda mrefu” ni usemi usio na mvuto, lakini hauhukumu mtu.

7. DATA, SAMPULI NA USAHIHI

Neno “takwimu” nalo limelemewa. Ni jina la elimu, ni jina la tarakimu zilizokwisha fupishwa, na wengine hulitumia pia kwa vipimo vibichi vinavyotoka katika kifaa. Tunaunga mkono wale wanaotumia “data” kwa vipimo vibichi, na kuliacha “takwimu” kwa elimu na muhtasari wake. Tofauti hii ina faida kwa raia. Data za mwendo wake ni mali inayomhusu yeye: zinajua alilala saa ngapi na alitoka saa ngapi. Takwimu za kundi hazimtaji mtu. Sheria ya kulinda data binafsi haieleweki vizuri kwa mtu anayedhani kwamba data na takwimu ni kitu kimoja.

“Sampuli” ni neno zuri, lakini mara nyingi husomwa kama kwamba kila sampuli huwakilisha watu wote. Hazina kubwa ya data za namna hii ni ile ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Iliandikisha watu kama 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010, na kati ya 2013 na 2015 zaidi ya 100,000 kati yao walivaa kipimamchapuko mkononi kwa siku saba. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kati ya walioalikwa, waliokubali walikuwa kama asilimia tano na nusu tu, na waliokubali walikuwa na afya nzuri kuliko Waingereza wa kawaida. Kwa sampuli kama hiyo tuongeze sifa: “sampuli ya waliojitolea”. Msomaji wa Tabora atajua basi kwamba makadirio hayo yalishonwa kwa kipimo cha watu wengine. Kifaa cha kiunoni hakioni vizuri kazi ya kutwanga, wala hakijui uzito wa ndoo iliyo kichwani.

Mwisho, “usahihi”. Neno hili moja linatumika kwa mambo mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni uwezo wa modeli kuwapambanua watakaopatwa na tukio na wasiopatwa. Hili tuliite “upambanuzi”. La pili ni kwamba pale inaposema kumi katika mia, watu wapatao kumi katika mia wapatwe kweli. Hili tuliite “ulinganifu”. Modeli inaweza kuwapanga watu kwa mfuatano mzuri na bado ikawatisha wote kwa tarakimu kubwa mno. Anayesema “ni sahihi kwa asilimia tisini” bila kueleza usahihi upi, hajasema kitu.

Tena usahihi ni kwa nani? Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubanwa kidoleni, vinavyotumia mwanga kupita katika ngozi, viliukosa upungufu wa oksijeni uliojificha karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, lakini saa nyingi za mkononi nazo hutumia mwanga. Swali hilo ni letu kabla halijawa la mtu mwingine.

8. MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji wa jarida hili mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe na kurekebishwa:

(a) Kukadiria, makadirio: badala ya kutabiri na kubashiri, kila inapozungumzwa modeli ya afya. Utabiri ubaki kwa hali ya hewa.

(b) Kiashiria: jambo linaloandamana na tukio. Kihatarishi: jambo lililothibitishwa kudhuru.

(c) Tukio: badala ya matokeo ya afya. Kasi ya tukio: badala ya hatari, katika njia ya Cox na zinazofanana nayo.

(d) Kushughulisha mwili: maana pana. Mazoezi: maana finyu. Ukaaji wa muda mrefu: badala ya tabia bwete.

(e) Data: vipimo vibichi. Takwimu: elimu na muhtasari.

(f) Upambanuzi na ulinganifu: aina mbili za usahihi.

(g) Kihesabuhatua, kipimamchapuko, kifaa cha kuvaliwa: majina ya vyombo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba umma umekwisha kuzoea utabiri, hatari na mazoezi, na kwamba istilahi haiundwi kwa amri. Ni kweli, nasi hatuombi amri. Tunachoomba ni kidogo zaidi: anayetafsiri maelezo ya kifaa, anayeandika ukurasa wa afya wa gazeti, na anayefundisha wauguzi, kila mmoja atumie maneno haya pale ambapo tofauti inaweza kumgharimu msomaji. Siku itakapofika ambapo mwenye bima atataka kupanga ada kwa kutazama hatua za mteja, au tabibu atamwambia mzee kwamba saa yake imesema jambo, tofauti kati ya “imetabiriwa” na “imekadiriwa miongoni mwa watu kama wewe” itakuwa tofauti kati ya mtu anayeikubali hukumu na mtu anayeuliza swali. Lugha ya taifa yapaswa kumwezesha mwananchi kuuliza.